Moshi Uani kwa Adam

Adam Galović aliuawa akipika rakija, pombe kali ya plamu, na kitabu kilitakiwa kiseme aliuawa akipiga kifaru.

Hiyo ndiyo ilikuwa shida ya Tunja Lešić. Waliotaka kifaru walikuwa wengi, na wote walikuwa wenzake wa handaki moja. Aliyetaka rakija, mwanzoni, hakuwepo hata mmoja. Tunja mwenyewe hakuwa na upande. Alikuwa amechoka tu.

Tena hakukusudia kuandika kitabu. Tunja alikuwa fundi wa mapaa. Shule aliiacha darasa la nane, akapanda juu ya nyumba za watu na hakushuka mpaka vita vilipokuja. Vilipokwisha akapanda tena, maana kijiji chao chote cha Jasenje hakikuwa na paa. Miaka ikaenda, usingizi ukamkataa. Daktari wa mji wa Vinkovci, mama mmoja asiye na subira, akamwambia, "Dawa nimekupa zote, zimebaki za farasi. Nenda ukaandike." Basi akaandika, kila asubuhi kabla ya kazi, mezani jikoni, kwa penseli nene ya ujenzi kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mfukoni. Aliandika kama anavyopanga vigae: kimoja kimoja, kuanzia chini. Soksi mbichi. Chawa. Jinsi mtu anavyochoka hata kuogopa, akabaki anasikia njaa tu.

Karatasi hizo akaziona Stipan Kopić. Stipan ndiye aliyekuwa kamanda wao mwaka ule wa tisini na moja, na sasa alikuwa mwenyekiti wa chama cha maveterani wa kijiji. Zaidi ya hayo, alisimamia ndoa ya Tunja, na mtoto wa Tunja, Marijan, yeye ndiye aliyembeba siku ya ubatizo. Kwa hiyo waliitana somo. Jasenje mtu anaweza kugombana na ndugu yake wa damu wakashtakiana hadi mahakamani kwa sababu ya mpaka wa shamba, na watu wasishangae. Kugombana na somo ni jambo lingine. Wazee walikuwa hawataki hata kulisikia likitajwa.

"Somo, hiki ni kitabu," Stipan alisema, akirudisha karatasi kwenye mfuko wa plastiki.

"Hizo ni karatasi."

"Ni kitabu, nakwambia. Oktoba tunatimiza miaka ishirini na tano. Chama kitachapa. Kile cha miaka kumi tulimpa mwalimu, nani alikisoma? Mkewe mwenyewe aliwashia jiko. Wewe ukiandika mtu anaelewa."

"Mimi naandika nipate usingizi."

"Basi utatulaza wote," Stipan akasema, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani, na kila mwaka kilizidi.

Habari ikaenea kwamba Tunja anaandika vita, na jikoni kwa mkewe Manda pakageuka kibanda cha kinyozi. Kila mtu alikuja na lake. Mmoja alitaka aandikwe kwamba ndiye aliyetoka mwisho shuleni siku ile ilipowaka. Mwingine aliomba aondolewe pale alipolia. Pavo Živić alikuja na soseji ya pilipili ndefu kama mkono wa mtu, akaiweka mezani, akakaa.

"Ile siku ya darajani," Pavo akaanza. "Umeniandika?"

"Sijakuandika."

"Mbona?"

"Ulikuwa Ujerumani, Pavo."

"Nilirudi!"

"Ulirudi Januari. Daraja lilikuwa majini tangu Septemba."

"Basi niandike Januari."

"Januari hapakuwa na kitu. Tulicheza karata."

Pavo akafikiri, akaivuta soseji kidogo upande wake. "Basi andika nilishinda."

Manda alicheka mpaka akashika ukingo wa beseni. Pavo akaandikwa: Januari, karata, alishinda. Ilikuwa kweli, alishinda. Na soseji ilibaki.

Agosti Tunja akaanza kumsomea Stipan sura moja moja, kwenye chumba cha chama nyuma ya kituo cha zimamoto. Stipan alisikiliza amefumba macho. Mara moja moja alirekebisha. Lori lile lilikuwa la kiwanda cha mikate, si la maziwa. Fulani alipigwa goti la kushoto. Hakukasirika hata pale Tunja aliposoma jinsi yeye kamanda alivyopotea kwenye mahindi, akajisalimisha kwa kondoo. "Giza lilikuwa nene," alisema tu. "Kondoo yule alikuwa na sauti ya mtu."

Wakafika kwenye sura ya Oktoba ya vita. Tunja akasoma kama alivyoandika.

Plamu za Adam zilikuwa kwenye mapipa tangu mwanzo wa Septemba. Zilikuwa zimechacha, zikatulia, na lile tabaka la maganda lililokuwa likielea juu likazama. Mwanaume yeyote wa Jasenje anajua maana yake: unapika sasa, ama unapata siki. Mstari wa mbele ulipita nyuma ya bustani ya Adam. Vijana walikuwa wanalinda kijiji chao wenyewe, na kila mmoja aliweza kuona bomba la moshi la nyumba yake akiwa handakini. Wanawake na watoto walishaondolewa kwa mabasi. Ng'ombe walifunguliwa, nguruwe walifunguliwa, waende wanakojua. Lakini mapipa ya plamu huwezi kuyafungulia yaende zake. Wiki nzima watu wale hawakuzungumzia adui. Walizungumzia plamu. Mtu anatoka zamu, na kabla hajavua kofia ya chuma anauliza, "Zimefikaje?"

Asubuhi moja ukungu ulishuka mzito, mtu haoni mikono yake. Moshi ungepotea ndani yake. Adam alimtazama Stipan. Stipan akasema, "Washa. Ukungu ukiinuka, unazima."

Adam akawasha. Chungu cha shaba cha baba yake kilikuwa uani chini ya kibanda. Kikatoka kichwa, ile ya kwanza inayochoma pua, wakaimwaga kama inavyomwagwa siku zote. Kisha ukaanza kutoka moyo, rakija yenyewe ya kunywa, mwembamba kama uzi, safi kama chozi. Na hapo ndipo ukungu ulipoanza kuinuka.

"Zima," mtu mmoja akasema, bila nguvu.

"Dakika kumi," Adam akasema. "Moyo unatoka, jamani. Nani ameona mtu anazima moto moyo ukitoka?"

Hakuna aliyekuwa ameona. Walikuwa watu saba uani, na kila mmoja alijifunza kwa babu yake kwamba moto huo hauzimwi, hata nyumba ya jirani ikiwaka. Stipan alitazama juu, moshi ulipokuwa umesimama wima kama nguzo. Akatazama chini, kwenye ule uzi. Akanyoosha kikombe.

Kombora la kwanza lilianguka bustanini. La pili barabarani. La tatu halikuhangaika kutafuta.

Tunja aliposoma hapo akaweka karatasi chini. Upande wa pili wa ukuta wazimamoto walikuwa wanaosha gari lao huku redio ikiimba.

"Toa hiyo," Stipan akasema, macho bado ameyafumba.

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Najua ilivyokuwa, nilikuwepo. Kwenye bamba la mnara wa kumbukumbu imeandikwa alianguka akisimamisha vifaru. Niliandika mimi ripoti jioni ile ile, na wewe ulinishikia tochi. Mama yake alilibusu bamba lile kila Jumapili mpaka anakufa."

"Mama yake amekufa, Mungu amrehemu."

"Bamba halijafa." Stipan akafumbua macho. "Somo, andika kifaru. Mistari minne tu. Watu wale wale watasoma, watafunga kitabu, watakwenda kula. Kwani unapoteza nini?"

Tunja akatafuta anachopoteza, hakukiona. Tangu alfajiri alikuwa juu ya paa la kanisa, jua lilikuwa limemla shingo, na alitaka kwenda kulala hata kama usingizi haupo.

"Sawa," akasema.

Akaandika kifaru. Mistari minne ilitoka haraka kuliko chochote alichowahi kuandika, mpaka Manda akauliza mbona leo amemaliza kabla kahawa haijapoa. "Uongo hauna uzito," akamjibu. "Unaupandisha ngazi kwa mkono mmoja."

Reza, mjane wa Adam, alikuja Jumamosi. Alikuwa mpishi wa shule ya kijiji, mwanamke mwembamba mwenye vidole vilivyonuka vitunguu miaka yote. Hakuolewa tena. Wanaume walijaribu kumposa, lakini nani atajilaza kitandani ambako mnara umelala? Alikataa kahawa, akakataa na kiti.

"Nasikia umemwandika. Nataka kusoma kabla hakijakwenda kwa mpiga chapa."

Tunja akampa ukurasa. Reza akasoma amesimama, mistari minne, kisha akageuza karatasi nyuma kutazama kama kuna zaidi.

"Huyu nani?"

"Adam."

"Adam gani?"

Manda akachukua ndoo ambayo haikuwa na haja ya kuchukuliwa, akatoka nje.

"Shemeji," Reza akasema, "walinirudishia koti lake. Lilinuka rakija mpaka mbwa akapiga chafya. Ninyi mkaja mmepanga mstari, mmevua kofia, mkaniambia kifaru. Mlikuwa mnalia huku mnanidanganya. Nikasema waache, ni watoto. Stipan mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na sita."

"Ulijua siku zote?"

"Nilijua kabla ya mazishi. Nilimjua mtu wangu. Mapipa yale aliniandikia barua mbili juu yake, na juu yangu nusu barua." Akaweka karatasi mezani. "Nilikuwa sijali. Bibi yake alifurahi, mama yake alifurahi, watu walileta unga. Lakini mwezi uliopita binti yetu Lucija alinipigia kutoka Dublin. Mtoto wake anauliza, bibi, babu alikuwaje? Nikafungua mdomo nimwambie. Unajua kilichotoka?"

"Nini?"

"Hotuba ya Stipan. Neno kwa neno. 'Babu yako alisimama imara.' Adam! Imara! Mtu alikuwa hasimami kama kuna pa kukaa. Alikuwa anakaanga mayai amekaa!"

Tunja alicheka, hakuweza kujizuia. Reza hakucheka.

"Niliishi naye miaka mitatu. Ninyi mmeishi naye ishirini na tano pale kwenye mnara, kila Oktoba mnamtoa, mnamtumia, mnamrudisha. Ameisha, shemeji. Namtafuta kichwani namkuta Stipan na kipaza sauti. Ulikuwepo uani siku ile. Nipe ukurasa mmoja wa mtu wangu, nimpelekee yule mtoto."

"Nitakuandikia. Nitakuandikia kwenye karatasi pembeni, iwe yako."

"Ya pembeni sitaki. Mimi ni wa pembeni miaka yote hii, nasimama pembeni ya waziri na shada la maua. Iwe humo kitabuni, na jina lake, wasome wote. Labda mwakani mtu atanipita barabarani aniulize habari ya mvua badala ya kuinamisha kichwa."

"Stipan ataniua."

"Stipan hawezi kupanda ngazi tatu bila kukohoa."

"Sisemi kwa mikono."

"Najua husemi kwa mikono," Reza akasema, sasa taratibu. Akatazama mlangoni. "Najua ninachokuomba. Kama ningekuwa na mwingine wa kumwomba, nisingekuja."

Tunja akamwambia ataona. Wiki ile alipanda na kushuka, akapigilia misumari, akaona. Kuna uchovu wa mwili, huo alikuwa anaujua na aliuheshimu, ukilala unapungua. Huu mwingine haukupungua. Alifikiria Oktoba ijayo, na ya baada yake: suti ile ile inayobana kwapani, hotuba ile ile, na yeye kutikisa kichwa pale panapotakiwa. Mistari minne ilikuwa miepesi kuandika, hakubisha. Ila ingebidi aibebe maisha yake yote, na mabega hayakuwepo tena.

Jumapili baada ya misa akaenda kwa Stipan. Alimkuta uani anatunga pilipili nyekundu kwenye uzi, miguu ndani ya kandambili, miwani puani. Vidole vyake vinene vilikuwa vinapigana na sindano.

"Kaa, somo. Mke wangu kaniachia kazi ya wasichana."

Tunja akakaa, akachukua uzi mwingine, wakatunga pamoja. Hakuwahi kujua kuzungusha maneno, kwa hiyo hakuzungusha.

"Nairudisha rakija."

Sindano ya Stipan ikasimama. "Nani kakutuma?"

"Reza."

"Reza anajua?"

"Anajua tangu kabla ya mazishi."

Stipan akaigeuza pilipili mkononi. Kisha akacheka kidogo, bila furaha. "Miaka ishirini na tano namtazama machoni pale mnarani, kumbe anajua. Angeniambia."

"Alisema tulikuwa watoto."

"Watoto!" Akaitupa pilipili kwenye beseni. "Sikiliza. Ukiiandika, unajua magazeti yatafanya nini? Watasema kikosi cha Jasenje kilikuwa kilabu cha walevi."

"Magazeti hayajui kama Jasenje ipo."

"Na unajua nani alisema washa."

"Najua. Safari hii jina lako sitaliweka peke yake. Nitaandika tulikubaliana, na ndivyo ilivyokuwa. Watu saba, hakuna aliyezima. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na moto kuliko wewe."

"Tulikubaliana!" Stipan aliinuka nusu, kikohozi kikamrudisha kitini. Tunja alingoja kiishe. Kilichelewa. "Kamanda hakubaliani, Tunja. Kamanda anasema, basi. Nilisema washa, na ukungu ulipoinuka sikusema zima. Nilinyoosha kikombe. Mara ya kwanza nilitaja kifaru kwa ajili ya mama yake. Haki ya Mungu, kwa ajili yake. Baadaye nikaendelea, mwaka hadi mwaka, mpaka nikawa nakiona. Nakiona kifaru, unanielewa? Rangi yake, matope kwenye minyororo yake. Sasa ukikiondoa, mimi nabaki na nini? Nabaki nimeshika kikombe."

Tunja alitazama mikono yake, iliyokuwa myekundu kwa pilipili. Alimpenda mtu huyu kuliko ndugu zake wawili waliokuwa Austria.

"Reza ana haki," akasema mwisho.

"Ana haki. Na mimi?"

"Wewe una mimi."

"Basi chagua."

"Usiniwekee hivyo, somo. Nimechoka."

"Wote tumechoka!" Sauti ya Stipan ilikwaruza. "Nani hapa hajachoka? Nionyeshe mtu mmoja Jasenje ambaye hajachoka. Ukiiandika, usiniite somo tena. Na harusi ya Marijan msiniwekee kiti."

Mke wa Stipan alikuwa ametokea mlangoni na kikombe cha dawa. Akawatazama, akarudi ndani. Tunja akafunga fundo mwisho wa uzi wake, akautundika ukutani pamoja na nyingine, akaenda zake. Stipan hakumwita.

Asubuhi ya pili akaandika. Safari hii ilimtesa, akafuta zaidi ya alivyoacha. Sehemu moja ilikuwa hivi:

"Adam alikuwa na koti la jeshi na chini yake sweta ya kijani aliyofumiwa na mkewe, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Alikuwa akituambia tunyamaze tusikie inavyodondoka. Alisema ya mwaka huu itakuwa nzuri kuliko ya baba yake, na kwamba baba yake asiambiwe. Tuliogopa moshi, lakini hatukuuogopa vya kutosha. Tulikuwa tumekaa mwezi mzima bila kitu chochote kuwa kama kawaida, na pale uani kila kitu kilikuwa kama kawaida. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukiharibu. Kifaru hakikuwepo siku ile."

Chama kilikutana kuamua juu ya kitabu. Tunja hakuitwa, lakini alihadithiwa na Pavo, ambaye hakuweza kutunza siri wala kutulia kitini. Mikono yote iliinuka kukataa. Hata wale wa uani? Hata wao, wale walio hai. Stipan alikaa tu anatazama dirishani. Pavo mwenyewe aliinua mkono, akaja kukiri. "Ningefanyaje, Tunja? Niliinua kidogo tu." Tunja akamwambia hakuna neno. Akakipeleka kitabu kwa mpiga chapa wa Vinkovci kwa gharama yake, jalada la karatasi ya kahawia, jina lake mbele, na jina la kikosi halimo kwa kuwa chama kilikataza.

Nakala ya kwanza alimpelekea Reza, jikoni shuleni, siku ya supu ya maharage. Reza akafuta mikono, akafungua pale pale. Akasoma, akarudia. Masufuria yalichemka bila kutazamwa.

"Mkono wa kushoto," akasema. "Wa sweta. Nilikosea kuhesabu." Baadaye akasema, "Umeandika wapi alikuwaje? Sioni. Alikuwa amesimama?"

"Alikuwa amekaa. Kwenye ndoo, kaipindua."

"Mbona hukuandika?"

"Nilisahau."

"Kitu cha maana kuliko vyote, ukasahau."

Akachukua kalamu ya kuandikia hesabu ya mikate, akampa. Tunja akaandika pembeni ya ukurasa: amekaa kwenye ndoo. Reza alitazama maneno hayo, bega lake likaanza kutikisika, na Tunja hakujua kama anacheka au vipi, kwa kuwa alikuwa amegeukia sufuria.

"Nenda sasa, shemeji," akasema. "Maharage yataungua."

Oktoba ile Reza hakwenda mnarani. Stipan alitoa hotuba kama kawaida. Wanasema alipofika kwenye jina la Adam alilisoma, akanyamaza, akaenda kwenye jina linalofuata. Hakutaja kifaru, wala hakutaja kitu kingine. Wengine walidhani ni kifua.

Gharama ya ukurasa ule kwa Tunja ilikuwa hii. Kiti chake kwenye karata za Ijumaa alipewa mtu ambaye hajui kucheza, lakini anakaa. Nyumba sita za wenzake wa kikosi sasa huita fundi wa Županja mvua ikipenya, na fundi yule hupandisha ngazi yake mbele ya dirisha la Tunja. Siku ya kuchinja nguruwe, ambayo walikuwa wakifanya pamoja yeye na Stipan kila Novemba tangu amani, anachinja na Manda, na Manda hawezi kushika. Marijan alioa masika, na aliyekaa mkono wake wa kulia, mahali pa Stipan, alikuwa binamu wa bibi harusi kutoka Osijek, mtu mzuri, aliyekosea jina la bwana harusi alipoinua glasi. Kijana hakumlaumu baba yake, lakini simu zake zimekuwa fupi.

Stipan alikufa majira ya baridi ya pili. Wenzake sita walimbeba, na alikuwa mzito, wakahitaji wa saba kwenye mteremko wa lango. Hawakumwita. Tunja alisimama nje ya ukuta wa makaburi, upande wa barabara, kofia mkononi, kwa kuwa mjane wa Stipan aliomba asiingie. Hakutupa udongo. Hakula chakula cha matanga. Alikuwa na mtu mmoja wa kumwita somo, na kwa umri wake hapatikani wa pili.